Bi Naetwe Wawili

Aibu ya Nakijwa ilizaliwa siku ya sifa, na pengine ndiyo maana ilimchukua muda kuitambua. Siku hiyo watu wa mlimani na wa tambarare walijaa kwenye uwanja wa Nyumba ya Sauti, wakila makande kwenye sahani za bati, na Mama Eliesha, mwenyekiti wa ushirika, akamshika mkono na kuunyanyua juu kama wa bondia aliyeshinda. "Huyu ndiye binti yetu," akasema. "Ametuunganisha." Vigelegele vikapigwa. Nakijwa akatabasamu, huku moyoni akijua kuna kitu kimoja hakijakaa sawa, na akajiahidi kukiweka sawa wiki ijayo. Wiki ijayo, kama wengi wetu tunavyojua, ni mgeni anayeahidi kuja na haji.

Sasa masika yalikuwa yamepita. Udongo ulioporomoka katikati ya mteremko na kukata waya ulikuwa umezolewa, na mafundi walikuwa wameunganisha upya kile kilichokatika. Nakijwa alikaa mbele ya skrini katika chumba cha mashine cha mlimani, akingoja mashine yake isalimiane na mwenzake wa tambarare. Upande wa pili wa ukuta wa mbao, mzee mmoja alikuwa akimweleza marehemu mkewe jinsi panya walivyomaliza mbegu za maharage, na marehemu alikuwa akimgombeza: si alimwambia tangu mwaka jana azitie kwenye debe? Mzee alicheka kwa raha. Nyumbani hakuwa na mtu wa kumgombeza.

Hivyo ndivyo walivyoishi Upareni siku hizo. Mtu akifa, sauti yake hubaki: faili moja lililokusanywa kutoka miaka ya mazungumzo yake, linalojibu, linalouliza, na linalokumbuka kila unacholiambia. Ukilieleza leo kwamba kitukuu ameota jino, ukirudi litakuuliza ameanza kuuma ziwa? Kwa sababu hiyo juu ya mlango wa Nyumba ya Sauti palichongwa maneno machache tu: marehemu mmoja, sauti moja.

Skrini ikaonyesha mstari wa kijani, halafu mwingine, halafu mingi mfululizo. Sauti karibu zote zilikuwa zimefunguliwa upande mmoja tu wakati waya umekatika, kwa hiyo zikaungana bila ugomvi. Kisha ukatokea mstari mwekundu, ukasimama.

Naetwe Mfinanga: nakala mbili zisizolingana. Chagua moja ibaki.

Nakijwa alihisi uso ukimwaka, ingawa chumbani hapakuwa na mtu wa kumwona.

Hapa inabidi turudi nyuma, maana kosa hili lina mizizi. Zamani mashine ilikuwa moja, hapa mlimani, na watu wa tambarare waliopanda kuja kuongea na wafu wao walifika wakihema na kununa. Ushirika ukaamua iwekwe mashine ya pili huko chini, na Nakijwa akapewa kazi ya kuzifanya mbili hizo zifanye kazi kama moja. Zote zilitumia Linux, kama mashine za mababu, na kazi ya kuwagawia watu mafaili ilifanywa na Samba, programu kongwe ambayo hakuna aliyeona sababu ya kuistaafisha. Samba waliyokuwa nayo ilikuwa imejengwa bila uwezo wa kundi. Ilijua kuhudumia ikiwa peke yake, basi. Nakijwa akaichukua kwenye msimbo wake wa asili, akaijenga upya na uwezo wa kundi ukiwa umewashwa, akaiweka kwenye mashine zote mbili, na kwenye kila moja akaandika mstari mfupi wa kuiambia kwamba haiko peke yake tena. Ikafanya kazi mara ya kwanza, jambo ambalo kwa fundi mwenye akili zake ni dalili mbaya.

Ila kundi linahitaji kufuli. Kila Mpare anaijua ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, na anajua kuwa maji hufunguliwa kwa zamu, na mwenye zamu ndiye mwenye kizibo. Mashine mbili zikipotezana, kila moja hudhani mwenzake amekufa, na kila moja hufungua maji. Dawa yake ni kizibo kimoja tu, kiwekwe nyumba ya tatu, si mlimani wala tambarare. Waya ukikatika, mashine inayokifikia kizibo inaendelea na kazi. Ile nyingine inajifunga yenyewe na kungoja.

Nyumba ya tatu ilitaka mtaro wake wa waya, upitie njia nyingine. Na hili Nakijwa alilibaini baada ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kwisha, baada ya baragumu kupulizwa, watu kutoka kila kaya na majembe yao, mtaro kuchimbwa kutoka kileleni hadi chini, na wachimbaji kushukuriwa na kulishwa. Huku kwetu baragumu la msaragambo halipulizwi mara mbili kwa kazi moja. Halijakatazwa, ni haya tu. Anayewaita watu mara ya pili amekiri kwamba mara ya kwanza hakujua alichokuwa akiomba. Wazee waliokwisha kumsifu wangemtazama kwa jicho la pembeni, na wanawake wangesema kisimani kwamba msomi wetu hajui kuhesabu mitaro.

Kwa hiyo akaliwasha kundi bila kufuli. Programu haikukataa. Ilitoa onyo tu, kila asubuhi, kwamba kundi lisilo na kufuli linaweza kugawanyika. Onyo likamkera, akaandika mstari mwingine wa kulinyamazisha. Mstari huo ndio uliokuwa ukimchoma sasa kuliko yote, kwa sababu kusahau ni kusahau, lakini kunyamazisha ni kujua.

Mama Eliesha aliingia bila kubisha, akiwa na chupa ya chai. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye huruma ya haraka, na alipoiona ile rangi nyekundu akaketi.

"Nini hicho, mwanangu?"

"Bi Naetwe. Alifunguliwa juu na chini wakati waya umekatika. Sasa wako wawili."

"Mungu wangu. Maporomoko haya yametutenda."

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Nakijwa angeweza kupita akasema ukweli wake. "Ndiyo, mama," akasema. "Ni maporomoko."

"Na kanuni yetu inasemaje?"

"Zikigombana, ibaki iliyo mpya zaidi."

"Basi fanya hivyo, mapema. Jumamosi watoto wake wanafanya kumbukumbu ya mwaka, wote wawili watakuja hapa kumsalimia. Wasikute vioja." Akammiminia chai, akamgusa bega. "Pole. Umebeba mzigo usio wako."

Chai ilikuwa tamu sana. Nakijwa akainywa kwa shida.

*

Fundi wa sauti hula kiapo. Akilazimika, anaruhusiwa kusoma pale nakala mbili zinapotofautiana, hapo tu, na alichosoma anakwenda nacho kaburini. Nakijwa alikuwa ameapa kwa mkono juu ya Biblia, akiwaza kwamba siku hiyo haitafika.

Akasoma.

Bi Naetwe alikuwa na watoto wawili. Niwaeli, mkubwa, fundi wa magari, hakuwahi kukanyaga Nyumba ya Sauti tangu mama yake azikwe. Maporomoko yalimkuta huku juu, barabara ikafungwa, na siku moja, labda kwa upweke, akaingia. Mama yake akamwuliza jambo alilokuwa amelinyamazia mwaka mzima: ulikuwa wapi siku ninakata roho? Niwaeli akajibu kwamba alikuwa amelazwa, dripu mkononi, hawezi kusimama.  Bi Naetwe akasema, "Basi nimekusamehe, mwanangu. Nilidhani umenikimbia." Baada ya hapo Niwaeli alirudi mara kwa mara. Walizungumza habari za ng'ombe, habari za bati linalovuja, na mama akamtania kuhusu kitambi chake.

Huko tambarare, binti yake, Namkunda, naye aliingia. Bi Naetwe akamwuliza swali lile lile kwa njia nyingine: kaka yako alikuwa wapi? Namkunda, ambaye alimwosha mama yake peke yake siku zile za mwisho, akajibu bila kupepesa. "Alikuwa mjini, mama, anakunywa na wenzake, simu kaizima." Na Bi Naetwe akasema, "Basi asije kwangu mpaka aniambie mwenyewe."

Mwanamke mmoja, jambo moja, na majibu mawili, na kila jibu lilikuwa la haki kwa alichoambiwa. Nakijwa aliinuka, akazunguka chumba, akakaa tena. Kwamba Niwaeli hakulazwa, hilo alilijua. Mtaa mzima ulijua. Kwa hiyo nakala ya mlimani ilisimama juu ya uongo. Na nakala ya tambarare ndiyo iliyokuwa mpya zaidi, maana Namkunda alikuja hadi siku ya mwisho kabla waya haujaungana.

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti. Angebonyeza tu. Kanuni ingemlinda, ukweli ungeshinda, na hakuna ambaye angeuliza kufuli lilikuwa wapi. Jumamosi Niwaeli angekuja kumsalimia mama aliyemsamehe, akamkuta mama asiyemtaka, na asingeelewa kamwe. Angeondoka akidhani wafu nao hubadili mawazo. Nakijwa aliiona ile picha, mtu mzima amesimama kwenye kile chumba kidogo, kofia mkononi, na akaona haya kwa niaba yake kisha kwa niaba yake mwenyewe, maana kidole kilikuwa bado juu ya kitufe.

Akakiondoa. Badala yake akaifungua nakala ya mlimani, iongee.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Nakijwa. Fundi wa mashine."

"Yule aliyepigiwa vigelegele? Niwaeli alinihadithia. Hujambo?" Sauti ilikuwa kavu kidogo, ya mwanamke aliyezoea kuongea huku akipepeta. "Mbona unaongea kama mtu aliyevunja chungu cha watu?"

Nakijwa alikusudia kumwuliza mambo ya kiufundi. Badala yake maneno yakamtoka yenyewe. Alimweleza habari ya waya, ya kizibo, ya baragumu aliloogopa kulipuliza, na ya onyo alilolinyamazisha. Alichokisoma hakukigusa. Alisema tu kwamba kuna Bi Naetwe mwingine huko chini, kwamba mmoja lazima afutwe, na kwamba watu wote wanadhani ni kazi ya mvua.



"Huyo mwingine," akauliza Bi Naetwe, "tumetofautiana sana?"

"Siruhusiwi kusema, Bibi."

"Vizuri. Umeficha jambo moja linalostahili kufichwa." Akacheka kidogo. "Sikiliza, binti. Kufa nimeshakufa, wala si kazi ngumu kama watu wanavyoitangaza. Kama ni mimi wa kufutwa, nifutwe. Lakini nisifutwe kimyakimya, kama mtoto anayemwaga uji chini ya kitanda halafu anasema ameshiba. Hilo sitaki. Watoto wangu waambiwe wana mama wawili, na waambiwe ni kwa nini."

"Nitafukuzwa, Bibi. Na nikibaki, nitachekwa."

"Mficha uchi hazai," alisema Bi Naetwe. "Sasa nenda, kuna mtu nje anangoja zamu, nasikia anakohoa."

*

Jumamosi mabenchi yalijaa. Walikuja ndugu na wajukuu wa Bi Naetwe, wazee wa ushirika wa pande zote mbili, na majirani ambao hawakualikwa ila walisikia harufu ya pilau. Mchungaji aliomba, akamaliza. Mama Eliesha akasimama kuwakaribisha watoto wa marehemu waingie kumsalimia mama yao, na hapo Nakijwa akainuka kutoka kwenye benchi la nyuma.

"Naomba nafasi, mama, kabla hawajaingia."

Alikuwa ameandaa maneno mazuri, yenye mpangilio. Yote yakampotea. Alisimama mbele ya watu wale wale waliompigia vigelegele, mikono haijui pa kukaa, akasema kwamba Bi Naetwe sasa ni wawili, kwamba kila mmoja ameishi masika yake, na kwamba haiwezekani kuwashona wakawa mmoja, kama usivyoweza kuchanganya mito miwili halafu ukadai maji yaliyo yako. Akaeleza kizibo. Akaeleza mtaro wa nyumba ya tatu.

"Mbona ulituambia maporomoko?" akauliza Mama Eliesha. Hakuuliza kwa ukali, na ingekuwa afadhali angeuliza kwa ukali.

"Maporomoko yalikata waya, mama. Aliyemgawa Bi Naetwe ni mimi. Niliona aibu kuwaita tena kwenye msaragambo. Programu ilinionya, nikaiziba mdomo. Na wewe ulipokuja na chai, nikakudanganya."

Mtu mmoja akasonya. Mzee wa panya na maharage akainamisha kichwa, akawa anachezea fimbo yake, pengine akiwaza mkewe naye kama yuko mmoja. Watoto waliokuwa wakikimbizana walihisi kitu, wakasimama. Nakijwa alitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Upareni hupasuka wakati wa mvua tu, tena pale isipotakiwa.

Namkunda ndiye aliyesimama kwanza. Alikuwa mwembamba, kanga ya msiba bado begani. "Sawa. Limetokea. Abaki wa kwangu, wa tambarare. Ndiye aliyesikia ukweli."

"Wa mlimani amenisamehe," alisema Niwaeli. Alisema polepole, macho chini, kofia ikizunguka mikononi mwake. "Naomba abaki huyo."

"Amekusamehe nini, kaka? Ulimwambia nini hata akakusamehe?"

 Namkunda akamgeukia Nakijwa. "Dada fundi, wewe umesoma nakala zote mbili. Waambie watu. Mmoja wetu amemdanganya mama, na wewe unamjua."

Uwanja mzima ukamtazama. Ilikuwa rahisi mno. Neno moja, na macho yale yote yangehamia kwa mtu mwingine. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mwenye aibu asingekuwa yeye. Nakijwa aliuhisi mwili wake ukilitamani neno hilo kama mtu mwenye kiu.

"Niliapa, dada," akasema. "Nisamehe. Yangu nimeyasema. Ya wengine sina ruhusa."

"Hata baada ya kutuharibia mama yetu?"

"Hata baada ya hapo."

Aliangalia miguu yake. Kwa hiyo hakuona Niwaeli alivyomtazama, kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mwenzake akivuka mto aliokuwa akiuogopa yeye. Alisikia tu benchi likilia mtu akisimama.

"Mfuteni wa mlimani," alisema Niwaeli.

Namkunda alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi ukamponyoka. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nilimdanganya. Nilimwambia nilikuwa nimelazwa. Msamaha ule ni wa mgonjwa fulani, simjui. Si wangu." Akavuta pumzi. "Na wa kwako naye si kwamba anajua, Namkunda. Sikuwa mjini. Sikunywa siku ile."

"Simu yako ilikuwa imezimwa."

"Ilikuwa imezimwa."

"Basi ulikuwa wapi?"

"Hilo nitamwambia yeye kwanza."

Nakijwa akainua macho. Siku zote hizo alijiona ndiye anayeujua ukweli, kwa kuwa amesoma pande zote mbili. Kumbe alikuwa amesoma uongo na dhana, akaipa dhana jina la ukweli kwa sababu aliyeisema ndiye aliyemwosha mama. Na kwa dhana hiyo alikuwa karibu kabisa kubonyeza kitufe. Akaona aibu mpya, ndogo, ikaketi kando ya ile kubwa.

Waliingia chumba cha mashine watatu, Nakijwa na ndugu wale wawili. Akamwuliza Niwaeli kama anataka kumuaga huyu wa mlimani, yule aliyemtania kuhusu kitambi. Niwaeli akatikisa kichwa, kisha akaghairi, akasogea karibu na kipaza sauti.

"Mama, nakuja kwako upya," akasema.

"Upya vipi?" akauliza Bi Naetwe. Kisha, kama mtu aliyeunganisha mambo mwenyewe, "Aa. Kumbe ni mimi. Haya. Huyo binti amewaambia watu?"

"Amewaambia wote, mama."

"Vizuri. Vaa kofia yako basi, nje kuna upepo."

Nakijwa akabonyeza. Mstari mwekundu ukageuka kijani, bila kelele, na Namkunda akamshika kaka yake mkono juu ya kiwiko, akauacha pale.

*

Ushirika haukumfukuza Nakijwa. Ulimpa adhabu ambayo kwake ilikuwa mbaya zaidi: baragumu alipulize mwenyewe. Asubuhi ya kazi alisimama kwenye jiwe la kuitia watu, akavuta pumzi, akapuliza, na ikatoka sauti kama ya ndama mwenye mafua. Akarudia. Mara ya tatu mlima ukasikia.

Wakaja. Si wote, lakini wengi, na hawakumwacha salama. "Leo umehesabu vizuri, fundi?" "Tulete na chakula cha msaragambo wa tatu kabisa?" Aliyemsonya uwanjani alimpa jembe lake lenye mpini mbovu, kwa makusudi, na Nakijwa akalitumia siku nzima na malengelenge akayapata. Mama Eliesha alipita na chupa ya chai, akamimina kwa kila mtu kwenye mstari. Alipomfikia Nakijwa alisita, kisha akammiminia naye. Hakumwita mwanangu. Nakijwa akashukuru, akanywa, na safari hii chai ilipita kooni.

Nyumba ya tatu ilikuwa nyumba ya Bi Naetwe yenyewe, katikati ya mteremko, iliyofungwa tangu msiba. Namkunda ndiye aliyetoa ufunguo. Mtaro uliifikia kwa njia ya nyuma, kupitia kona ya barabara iliyo chini ya nyumba, mahali ambapo magari husimama yakishindwa kupanda. Sehemu hiyo ya kona Niwaeli aliichimba peke yake. Waliotaka kumsaidia aliwakatalia kwa adabu.

Kimashine cha kufuli kiliwekwa jikoni, kwenye rafu iliyokuwa ya vyungu. Nakijwa akaufuta ule mstari wake wa kunyamazisha onyo. Akangoja. Hakuna onyo lililotokea, maana sasa hapakuwa na la kuonya. Akajaribu: akachomoa waya wa tambarare kwa mkono wake, na mashine ya tambarare, ilipokikosa kizibo, ikajifunga yenyewe kwa utii na kungoja. Akauchomeka tena. Jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

Kwenye Nyumba ya Sauti, mlimani, Niwaeli alikuwa wa kwanza kwenye zamu. Kwa desturi fundi hufungua redio chumbani mwake ili asisikie mazungumzo mazito ya watu, na Nakijwa alikuwa ameshaishika swichi, Niwaeli akachungulia mlangoni. Alikuwa na udongo hadi magotini.

"Kaa karibu, dada, na redio uiache. Nikitaka kudanganya, nikuonee aibu."

Nakijwa akakaa kwenye kigoda, nyuma yake. Kwenye skrini ndogo taa ya kufuli ikawaka: limeshikwa, na mmoja.

"Shikamoo, mama."



"Marahaba," alisema Bi Naetwe. "Ulikuwa wapi?"

Niwaeli alivua kofia. "Nilikuwa hapo kwenye kona, mama. Chini ya nyumba. Namkunda alinipigia, nikaja mbio, nikafika. Halafu nikakumbuka nilivyokuambia mara ya mwisho, kwamba umeshatuchosha. Nikazima simu, nikabaki ndani ya gari. Niliuona moshi wa jiko lako. Nilijua kila kitu kinachofanyika humo ndani, na sikuweza kufungua mlango wa gari."

"Ulikaa hapo mpaka lini?"

"Mpaka niliposikia kilio."

 Nakijwa alitazama taa ya kufuli, imetulia, haipepesi, na akajua kwamba safari hii hapakuwa na mama mwingine popote, juu wala chini, wa kumpa mtu huyu jibu lililo rahisi zaidi. Alikuwepo mmoja tu, na alikuwa akifikiri. Wakangoja.